Maswali Yenu ya Muziki: "Miksi yangu waliiacha kwenye wimbo wa tano"

Barua za safari hii zimekuwa mingi, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa midomo tofauti: niko na muziki wa kila aina, naupenda wote, sasa nitawapatia wenzangu namna gani wasiutupe? Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana imenigusa sana, zingine nimezipita haraka, mtanisamehe.

KIJANA WA KATUBA, HAPA LUBUMBASHI, ANAANDIKA

Yambo Yaya. Miye niko na miaka 26. Tuko bantu saba tunapendaka muziki, ya zamani na ya sasa, kila siku ya Mungu (jumapili) tunakutanaka ku lupango ya mwenzetu mmoja, kila mutu kwa zamu yake analeta miksi mu fleshi na tunasikiliza mpaka mwisho. Zamu yangu ilifika juma mbili zilizopita. Nilitia nyimbo 22: gitaa kavu (ile isiyo ya umeme) ya huku Katanga, rumba, rok ya Zambia, taarabu ya Zanzibar, muziki ya Cuba, ata likembe (kinanda kidogo ya dole gumba) za Konono, ile orkestra ya Kinshasa, nilitia. Zote muzuri, hakuna ata moja mbaya. Kumbe kufika wimbo wa tano bantu banaanza kuongea mambo ya mpira, na mmoja akaniambia "mudogo, hii ni sombe umemwangia maziwa". Nilisikia haya sana. Kosa iko wapi?

JIBU

Mudogo yangu, haya uiweke pembeni kwanza. Watu saba wanaokaa chini kila juma na kusikiliza muziki mpaka mwisho hawapatikani ovyo mjini humu, na mtu anayetoka taarabu mpaka Konono ndani ya fleshi moja, huyo njo mtu ninayetaka kukaa naye jioni nzima. Kwa hiyo nyimbo zako sizigusi. Ninaloliona ni mambo mawili, urefu na njia.

Urefu ni jambo la kupita haraka. Piga hesabu: nyimbo 22, hata kila moja ikiwa dakika tano tu, ni dakika 110, karibu masaa mawili. Halafu nyimbo hazilingani. Gitaa kavu ya zamani ilinaswa kwenye disiki za 78, upande mmoja unabeba kama dakika tatu, mtu anaingia, anasema neno lake, anatoka. Rumba ya miaka ya 80 inaweza kukushika dakika kumi na zaidi na sebene, ile sehemu ya gitaa na kucheza, bado haijachoka. Ukizipanga bega kwa bega, ile ya dakika tatu inakuwa kama mtoto aliyeketishwa katikati ya wajomba. Mimi napimaka kwa upande mmoja wa kaseti ya C90, dakika 45. Sisi tuliolelewa na kaseti masikio yetu yalijifunza hapo: dakika 45 zinaisha, kitufe kinaruka "tak!", mtu anasimama anageuza, mwingine anaongeza munkoyo kwenye bilauri, na maneno yanaruhusiwa. Tengeneza miksi ya pande mbili, nyimbo nane au tisa kila upande, na hapo katikati waongee mpira wao mpaka washibe.

Sasa njia. Kwenye barua umenitajia aina: gitaa, rumba, rok, taarabu, Cuba, likembe, na nina hofu hata ndani ya fleshi ulizipanga hivyohivyo, kama mwenye kuuza viatu Soko Mzee, kila saizi na lundo lake. Sikio halijui aina. Sikio linajua mlio: kamba, ngozi, chupa, mtu anayepumua karibu na mikro. Ukitaka kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine wa mbali, tafuta kile kitu kidogo ambacho nyimbo zote mbili ziko nacho, shika hapo, vuka.

Nikupe mfano wa hapa kwetu. Anza na Mwenda Jean Bosco. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, yule mzungu aliyezunguka sehemu kubwa ya Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimkuta Jadotville, Likasi ya leo, akamnasa, na katika kazi ile kulikuwa "Masanga": gitaa moja, dole gumba na kidole cha shahada, basi, na ukifunga macho unaapa wanaopiga ni wawili. Iache ianze yenyewe, usiweke salamu wala sauti yako juu yake. Ya pili weka gitaa kavu nyingine, ya Edouard Masengo au Losta Abelo, hasa ile ambayo kuna mtu pembeni anagonga chupa. Wimbo wa tatu, nenda Cuba.

Ndiyo, Cuba, na mapema hivyo. Kuanzia 1933 disiki za 78 zilizoandikwa GV zilianza kuletwa Afrika kutoka Uingereza, na nyingi zilikuwa muziki wa Cuba. Wazee wetu walipozisikia walitambua kitu, maana kuna watu wa Kongo waliobebwa utumwani mpaka kisiwa kile na ngoma yao walikwenda nayo. Sasa son, aina moja ya muziki wa Cuba, iko na vijiti viwili vinavyogongana, tak-tak-tak, tak-tak. Ukiiweka nyuma ya ile gitaa yenye chupa, sikio halishtuki hata kidogo: chupa imekuwa kijiti. Watu watakuwa wamevuka bahari bila kujua, utawaona tu wanatikisa kichwa vilevile.

Kutoka Cuba kuingia kwa Grand Kallé, yaani Joseph Kabasele, na orkestra yake African Jazz hakuna hata mlango wa kufungua. Januari 1960, wakati wakubwa wetu wako Brussels kwenye Table Ronde kudai uhuru, Kabasele na wenzake walikuwa kulekule wakapiga "Indépendance Cha Cha", na jina la dansi hiyo lenyewe linakuambia imetoka wapi. Ndani yake sikiliza gitaa ya Docteur Nico, halafu mfuate Nico huyohuyo kwenye wimbo wake mwingine wa miaka ya 60, taratibu, hapo rumba imeingia nyumbani na imevua viatu.

Kutoka rumba ya Kinshasa usikimbilie rok. Pita mashariki kwanza. Samba Mapangala ni mtoto wa Matadi, alipitia Kampala, akafika Nairobi, na orkestra yake akaiita Virunga, zile volkano za upande wa Goma. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, akafika Dar es Salaam mwaka wa 1978 na hapo akawa mkubwa, anaimba Kiswahili ambacho mtu wa Katuba anakielewa bila kuuliza. Naipenda sana hii sehemu ya njia, maana wenzako watasikia gitaa za kwetu na maneno ya pwani kwa mara moja. Na hapo, hapo kabisa, njo taarabu yako inaingia: sauti ya Kiswahili inakabidhi sauti ya Kiswahili, gitaa zinanyamaza, violini na udi vinabaki. Ukiiweka taarabu nyuma ya rok umeiua, mudogo, na nahisi wewe uliiweka huko.

Rok ya Zambia njo mlango mgumu. Baada ya taarabu rudia gitaa kavu moja ya disiki kuukuu, uvukie hapo. Bendi ya WITCH na wenzao wa miaka ya 70 ni ndugu zetu wa shaba, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, Kibemba kilekile cha sokoni kwetu, lakini gitaa yao inakwaruza kama msumeno kwenye bati na mtu aliyekuwa kwenye utulivu anaruka. Mimi kivuko hiki nimekijaribu usiku mingi, cha kutoka gitaa kavu ya disiki kuukuu kwenda rok, na nikuambie nilivyokipata.

Kwanza sauti. Disiki kuukuu iko chini, watu wanaongeza bafle ili waisikie, halafu rok inakuja juu mara tatu na mama wa jirani anagonga ukuta. Nilishusha rok desibeli sita nzima, nikaona bado ina nguvu zake zote. Pili, na hili lilinichukua muda kulielewa, kinachomshtua mtu si ile gitaa, ni kimya. Disiki kuukuu inabeba mchakacho wake tangu mwanzo, shhhh, kama mvua ya mbali juu ya bati, sikio linauzoea mpaka haliusikii tena. Wimbo ukiisha na ule mchakacho ukakatwa kwa kisu, ghafla chumba kizima kinakuwa kitupu. Kwa hiyo nilikata sekunde nne za mwisho wa disiki, pale ambapo muziki umeisha na sindano bado inazunguka, nikazitandika chini ya mwanzo wa rok, nikazifuta polepole. Tatu, nilichagua rok inayoanza na ngoma peke yake, gitaa inaingia baadaye. Dole gumba la gitaa kavu linapiga kamba nene mara ya mwisho, mchakacho unabaki, unahesabu moja, mbili, ngoma ya Zambia inaingia chini ya mvua ileile. Siku nilipoipata nilirudia mara kumi, nikaamsha watu wa nyumbani wasikie.

Kwa miksi yote, sawazisha sauti ya nyimbo ndani ya kompyuta. Audacity ni ya bure, iko na kipimo cha ukubwa wa sauti kinaitwa LUFS, ukitia nyimbo zote kwenye namba moja, tuseme -16, hutahitaji mtu wa kukaa karibu na kitufe cha bafle. Ila baada ya mashine sikiliza wewe mwenyewe, kwa sauti ndogo, kwenye simu mbaya, maana mashine haijui kwamba taarabu ya huzuni inatakiwa kushuka kidogo tena.

Konono uwaweke mwisho. Likembe zile ziko na mikro zilizotengenezwa na sumaku za vipande vya gari kuukuu, zinalia kwa ukali ambao wimbo wowote utakaofuata utasikika mdogo. Na kabla ya kubonyeza, waambie wenzako sentensi moja tu: leo tunatoka Likasi, tunapita Havana, tunarudi kwa Kasumbalesa. Mtu akijua anapelekwa wapi anakaa.

DADA WA KAMPEMBA ANAANDIKA

Yaya, nimetengeneza miksi ya dakika 70 kwa ajili ya kaka yangu iko Bukavu, yeye njo alinifundisha kupenda muziki. Kumutumia inakatala, inazunguka tu, mega zangu ya siku mbili zimekwisha na hajapata kitu. Nifanye aje?

JIBU

Dada, nadhani uliihifadhi kama WAV, ile faili ya sauti isiyobanwa. Dakika moja ya WAV inakula kama mega 10, kwa hiyo dakika zako 70 ni mega 700, na hiyo haifiki Bukavu kwa mtandao wetu hata uombe. Igeuze MP3. Kwa kilobiti 128 za kila sekunde, dakika moja ni karibu mega moja, yote inakuwa kama 67. Kwa 320 inakuwa kama 168. Gitaa na sauti ya mtu vinavumilia 128, ila zile sahani za shaba za ngoma zinaanza kusikika kama mafuta yanayochemka kwenye kikaango, na mimi hilo linaniumiza, kwa hiyo nakushauri 192, itakuwa kama mega 100, kaka yako atakushukuru. Ndani ya WhatsApp itume kama dokima, usiitume kama audio, kwa njia ya dokima inakubali faili mpaka giga 2 na inafika vile ulivyoitengeneza. Itume nzima, faili moja. Ukikatakata vipande kumi na tano, simu yake itazipanga kwa alfabeti na kazi yako yote ya kuunganisha imekwenda. Na ile WAV usiifute! Iache nyumbani, maana siku ukitaka kubadilisha kitu unaanzia pale, MP3 ikigeuzwa MP3 tena inachakaa.

MAMA WA KAMALONDO ANAANDIKA

Yambo yenu. Marehemu bwana yangu aliniachia kartoni moja ya kaseti, alikuwa ananasa ku radio na ku madisiki ya barafiki yake, tangu miaka ya 70. Batoto banataka kuchagua nyimbo na kuzitia mu telefone ili bandugu bote bapate. Nimetia moja mu radio, inalia wiii na inasimama. Zimeoza? Nitupe?

JIBU

Mama, nakuomba, usitupe hata moja. Na tafadhali usitie nyingine ndani ya radio mpaka umemaliza kusoma hapa, waite na watoto wasome pamoja nawe.

Chukua kaseti, igeuze uone mgongo wake, pale juu kuna vidude viwili vidogo vya plastiki, kushoto na kulia. Vivunje kwa ncha ya kisu. Vikivunjika, radio haiwezi tena kunasa kitu juu ya kaseti ile, hata mtoto abonyeze kitufe chekundu kwa makosa. Fanya hivyo kwa kartoni nzima kabla ya jambo lingine lolote. Nimeona upande mzima wa sauti ya mzee umefunikwa na matangazo ya radio kwa kidole kimoja kilichokosea, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Halafu weka kaseti mbele ya dirisha, angalia kupitia kile kioo chake. Utepe ukiwa wa kahawia au mweusi unaong'aa, vizuri. Ukiona unga mweupe pembeni ya utepe, hiyo ni ukungu, itenge, isiguse zingine na isiingie kwenye mashine, hiyo ipelekwe kwa fundi anayejua. Zilizo safi zizungushe kwa mkono: kalamu ya Bic, ile yenye pembe sita, inaingia vizuri kwenye lile tundu lenye meno. Zungusha polepole mpaka mwisho, halafu rudisha mpaka mwanzo. Utepe uliokaa miaka 40 umejibana, ukiuzungusha unapumua. Mara mingi ile wiii inaisha hapo.

Isipoisha, angalia mdomo wa kaseti, katikati, pale utepe unapopita wazi. Nyuma yake kuna kipande kidogo cha kitambaa kigumu, saizi ya punje ya mchele, kimekaa juu ya chuma chembamba cha rangi ya shaba. Kazi yake ni kusukuma utepe ubanane na kichwa cha mashine. Gundi yake inakauka, kinadondoka, na hapo sauti inakuwa ya mbali, inakuja inaenda. Kama kaseti iko na skrubu, mara mingi tano, moja kila pembe na moja katikati, mtoto mwenye mkono mtulivu anaweza kuifungua juu ya kitambaa cheupe, apige picha kwanza kwa simu ili akumbuke kila kitu kilikaa wapi, halafu ahamishe zile roda mbili na utepe wake aziweke ndani ya gamba la kaseti nyingine isiyo na thamani. Asiguse utepe kwa vidole vyenye mafuta. Vidude vyembamba vinavyoteleza, vile vya kuongozea utepe kwenye pembe, visipotee, ni vidogo kweli.

Kichwa cha radio kisafisheni na pamba yenye alkoli kila baada ya kaseti mbili tatu. Kamba inatoka tundu la ekuteri (ya masikio) inaingia kwenye kompyuta, mnanasa upande mzima kwa mara moja, kama WAV, bila kusimamisha. Umeme ukikatika katikati mnaanza upya, ni kazi ya uvumilivu. Kuchagua nyimbo za kuwapatia bandugu kuje baadaye kabisa.

Na jambo moja Mama, ambalo sikuulizwa. Mtu aliyekuwa ananasa kutoka radio na disiki za marafiki, mara mingi kuna pahali alisahau kuzima, unasikia kiti kinasogea, mtu anakohoa, anaita mtoto alete maji. Vijana wa kompyuta watasema "hii tukate, ni makelele". Usikubali. Iweke kwenye miksi ya familia, katikati ya nyimbo, vilevile ilivyo.

MSOMAJI WA KENYA (KOMINI YETU YA LUBUMBASHI) ANAANDIKA

Nyimbo za kwaya ya kanisa inaweza kuingia mu miksi moja na rumba? Mama yangu anasema ni zambi.

JIBU

Kwa masikio inaingia, tena vizuri, sauti za kwaya zetu na sauti tatu za waimbaji wa rumba zinapandana kwa namna ileile. Lakini miksi unamtengenezea mtu, na mama yako ni mmojawapo. Ile atakayosikia yeye, tenga. Kwa wenzako changanya, ila wimbo wa sala uuache uishe wenyewe, usiufunike na ngoma ya wimbo unaofuata.

DJ WA RUASHI ANAANDIKA

Yaya, mimi niko na kazi ya kutafuta: rok ya Zambia, kalindula, vitu vya Angola, gitaa ya huku ambayo bantu basahau. Nikitoa miksi nafutaka majina yote, naandika tu "Miksi 1, Miksi 2", juu nikiacha majina bengine banachukua nyimbo zangu na banatoa miksi yao. Wenzangu wananiambia niko mchoyo. Unaona aje? Na niko nawaza kuziuza ku soko, mu fleshi.

JIBU

Nakuona kama mtu aliyefanya kazi ngumu na anaogopa kuibiwa, na hofu hiyo naielewa. Lakini nitakuambia wazi, kaka: wenzako wana haki.

Kuuza kwanza, nilimalize. Kumpatia rafiki fleshi asikilize ni jambo moja, kuweka bei sokoni ni lingine. Nchi hii iko na sheria ya haki za waandishi na wasanii tangu tarehe 5 Aprili 1986, na kuna SOCODA tangu 2011 ya kushughulikia haki hizo. Wimbo wa mtu ukiuuza ni mali yake umeuza. Kuna wajane na watoto wa wapiga gitaa wa Katanga ambao hawajawahi kuona hata franga moja ya nyimbo zinazopigwa kila siku, tusiongeze sisi.

Majina sasa. Unasema "nyimbo zangu". Hapana. Kilicho chako ni kutafuta, na kupanga, na ule mshono kati ya wimbo na wimbo, hakuna mtu wa kukunyang'anya huo, kwa sababu ukiwapa watu kumi nyimbo zilezile utapata miksi kumi. Lakini wimbo uko na mwenyewe.

Fikiria Mwenda Jean Bosco nilivyomsema hapo juu. Tunamjua kwa nini? Ni kweli alipiga gitaa kwa ajabu, lakini pia Hugh Tracey aliandika: jina hili, mji huu, mwaka huu, lugha hii. Kwa sababu ya mstari ule mmoja, miaka kumi haijapita, mtaalamu mwingine, David Rycroft, alikaa chini akaandika noti za gitaa yake moja moja, na mpaka leo kuna watu Ulaya na Marekani wanajifunza "Masanga" kidole kwa kidole na wanajua kutamka jina la aliyeitunga. Wangapi walikuwa wanapiga gitaa Likasi na Lubumbashi mwaka ule ule wa 1952, kwenye kambi za wafanyakazi, kwenye mabaa ya Kamalondo? Hatuwezi hata kuwaita. Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, Kinshasa na Brazzaville walishangilia, na mimi nilishangilia, lakini gitaa kavu ya huku kwetu nani anaiandika kama si mtu kama wewe?

Nikikuonea ukali ni juu ya hiki. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa shaba Likasi na alinasa kaseti kama zile za Mama wa Kamalondo. Moja ameiandika kwa mkono wake, wino wa bluu: "Muziki 4". Basi, hakuna kingine. Upande wa pili, kama dakika ya thelathini, kuna mwanamke anaimba kwa Kiswahili chetu, gitaa moja, mtu anagonga chupa, na chupa ile iko na maji ndani, unasikia mlio unabadilika kidogo kila anapoigonga. Anamwimbia mtu aliyekwenda mgodini na hajarudi kula. Ubeti wa tatu anacheka katikati ya neno, kama mtu amemfanyia kitu chumbani, halafu anaendelea. Baba hakukumbuka jina. Rafiki yake aliyekuwa na disiki ile alikufa. Nimeuliza Likasi, nimeuliza Kolwezi, nimewapigia wimbo wazee kwenye simu, wanasema "eee, ile, tuliijua", na jina haliji. Zaidi ya miaka thelathini sasa nauliza.

Kwa hiyo rudisha majina. Faili ndogo ya maandishi ndani ya fleshi inatosha: dakika fulani, jina la mpigaji, mji, mwaka ukiujua, na nani alikupatia. Ukiwa hujui, andika ulichosikia, "mwanamke, gitaa, chupa ya maji, Kiswahili cha Katanga", mtu mwingine atajaza. Na ile gitaa ya huku ambayo unasema watu wamesahau, uniletee niisikilize kwenye ofisi ya gazeti, mimi nitakuja na kaseti ya baba.